Kauri Zisizo na Risasi: Kilichokwisha Kubadilika na Kilichobaki

Chaja, redio, majiko ya gesi na spika zinazopita Busia na Malaba kuelekea Uganda huwa na alama kwenye boksi: herufi Pb zilizokatwa kwa mstari, au herufi RoHS. Pb ni alama ya madini ya risasi katika kemia, na RoHS ni sheria ya Umoja wa Ulaya inayobana matumizi ya kemikali hatari kwenye vifaa vya umeme. Wanunuzi wengine huichukulia alama hiyo kama hakikisho kwamba kifaa hakina hata chembe ya risasi, kwa hiyo kikiharibika unaweza kukitupa au kukichoma bila wasiwasi. Baadhi ya wauzaji na mafundi huiona kama onyo kwamba vipuri vimepunguzwa nguvu. Kumbukumbu ya petroli inaongeza mkanganyiko. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, mafuta yakabadilika kote nchini kwa mkupuo mmoja, na ni rahisi kudhani kwamba vifaa vya umeme navyo vilibadilika hivyo.

Havikubadilika hivyo. Ndani ya kifaa kimoja unaweza kukuta kauri ambayo tangu kubuniwa kwake haikuhitaji risasi, na kando yake kauri ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Zote mbili zinaruhusiwa chini ya alama ileile. Ndiyo maana kuuliza tu kama kitu kina risasi hakutoshi. Kwa kila kipuri inabidi tujue kinafanya kazi gani, katika joto gani, na kikifa kinaishia mikononi mwa nani.

Kauri inayogeuza pigo kuwa umeme

Tuanze na kiwashio cha jiko la gesi, kwa sababu hakina betri wala hakihitaji stima. Ukibonyeza kitufe, springi inabanwa mpaka inaachia nyundo ndogo, na nyundo hiyo inagonga kipande cha kauri kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Papo hapo volti maelfu kadhaa zinaruka kwenye ncha ya waya na gesi inawaka. Kwenye spika za sauti nyembamba, ambazo mafundi huziita twita, kazi inakwenda kinyume: umeme wa muziki unaingia kwenye kauri nyembamba iliyobandikwa juu ya kisahani cha shaba ya manjano, kauri inajikunja na kunyooka, na sauti inatoka. Mlio wa kengele ya moshi, vitambuzi vya nyuma ya gari na kichwa cha mashine ya ultrasaundi hospitalini hutegemea tabia hiyohiyo.

Chanzo chake kiko kwenye fuwele. Ndani ya kauri hizi, atomi ya katikati ya kila chumba cha fuwele haikai katikati barabara. Imeegemea upande mmoja, na kwa sababu hiyo chumba kinakuwa na upande chanya na upande hasi. Vyumba vinavyoegemea upande mmoja hujikusanya katika kanda. Kauri inapotoka tanuruni kanda hizo zimeelekea kila upande na nguvu zao zinafutana, hivyo mtengenezaji huipasha moto na kuipa volteji kubwa mpaka kanda zielekee njia moja. Volteji ikiondolewa, nyingi hubaki zilivyo. Kauri yenye uwezo huo wa kugeuzwa na kubaki imegeuka ndiyo huitwa feroelektriki. Ikipashwa moto kupita kiwango kinachoitwa joto la Curie, atomi hurudi katikati na mwelekeo wote unapotea. Baadaye inaweza kupoa ikawa nzima kwa macho, lakini ni kipande cha udongo tu.

Kauri iliyotawala kazi hii ni mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani unaojulikana kwa kifupi kama PZT. Bernard Jaffe na wenzake walionyesha uwezo wake nchini Marekani mwaka 1954. Zirkoni na titani zikikaribia nusu kwa nusu, aina mbili za fuwele huishi pamoja, kanda zikawa hazina upande zinaoung'ang'ania, na kuzigeuza kunahitaji nguvu kidogo. Zaidi ya hapo, hali hiyo haiyumbi sana joto linapopanda au kushuka. Mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo yaliyoifanya PZT iwe ngumu kung'olewa.

Kiambato kidogo, tabia nyingine

Watu wanapozungumzia kauri yenye risasi na isiyo na risasi, husahau kwamba karibu hakuna kauri inayouzwa ikiwa tupu. Zote hutiwa viambato vya kiasi kidogo, mara nyingi chini ya asilimia mbili, na viambato hivyo ndivyo huamua tabia ya umeme kuliko jina kubwa lililoandikwa kwenye karatasi ya vipimo.

Hesabu yake ni ya chaji. Niobiamu yenye chaji tano ikichukua nafasi ya titani yenye chaji nne, au lantani yenye chaji tatu ikakaa mahali pa bariamu yenye mbili, fuwele inapata chaji ya ziada. Katika PZT kiambato cha namna hiyo hupunguza nafasi tupu za oksijeni. Mipaka ya kanda inaachiliwa, kauri inakuwa laini: inatoa chaji nyingi ikigongwa, lakini inapoteza nishati nyingi kama joto. Manganizi, chuma na shaba hufanya kinyume. Zina chaji pungufu, zinaacha nafasi tupu za oksijeni, na nafasi hizo hujipanga na kuishika mipaka ya kanda isisogee. Kauri inakuwa ngumu, inatoa chaji kidogo, ila inaweza kutetemeshwa kwa nguvu kwa saa nyingi bila kuchemka. Kichwa cha ultrasaundi kinataka kauri laini kwa sababu kinasikiliza mwangwi dhaifu. Mashine ya kusafishia vipuri kwa mawimbi ya sauti inataka ngumu.

Kwa kauri zisizo na risasi, viambato vina kazi ya ziada ya kuzuia uvujaji. Bismuthi, sodiamu na potasiamu huvukizwa kwa urahisi ndani ya tanuri, zinaacha mapengo kwenye fuwele, na mapengo hayo hupitisha umeme mahali ambapo kihami kilitakiwa. Kauri inayovuja haiwezi kuelekezwa vizuri, kwa kuwa volteji inayotiwa inageuka mkondo na joto. Ndiyo maana manganizi kidogo hutiwa katika michanganyiko mingi ya kundi hili. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya kauri nzuri isiyo na risasi na mbovu iko hapo, na hakuna lebo ya boksi inayoionyesha.

Kazi iliyokwisha kufanyika

Bariamu titanati ni feroelektriki isiyo na risasi. Iligunduliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na watafiti waliofanya kazi mbalimbali Marekani, Umoja wa Kisovieti na Japani. Leo iko katika kapasita ndogo, zile punje za kahawia zilizopangana kwenye bodi ya simu, na simu moja hubeba mamia yake. Anayesema kauri zisizo na risasi ni kitu cha majaribio anazibeba mfukoni.

Hata hivyo, kapasita hizo zinatofautiana sana. Bariamu titanati tupu hubadilisha uwezo wake kwa ghafla karibu na nyuzi 120 za Selisiasi. Watengenezaji hutia magnesi na madini adimu kama disprosiamu, holmiamu au itriamu ili kila chembe iwe na kiini safi na ganda lenye viambato, na matokeo ni kapasita ya daraja la X7R, ambayo uwezo wake hauyumbi zaidi ya asilimia 15 kutoka nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125. Kapasita ya bei ya chini ya daraja la Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ikifikia nyuzi 85. Zote hazina risasi. Chaja inayokufa ndani ya miezi michache huenda ikawa na kasoro nyingine nyingi, lakini fundi akilaumu kukosekana kwa risasi kwenye kapasita atakuwa analaumu kitu ambacho kwa kawaida hakikuwamo hata zamani.

Madini adimu yana faida nyingine. Kapasita za siku hizi zina tabaka za nikeli ndani, na nikeli huharibika ikichomwa kwenye hewa yenye oksijeni, kwa hiyo tanuri hunyimwa oksijeni. Kauri nayo inapoteza oksijeni yake. Nafasi tupu hizo husafiri polepole chini ya volteji mpaka kihami kinachoka na kuanza kuvuja. Disprosiamu na wenzake huzichelewesha. Umri wa kapasita za simu unategemea kiasi kidogo cha kitu ambacho mnunuzi hajawahi kukisikia.

Mfano wa pili uko kwenye friji. Kando ya kompresa kuna kidude cheusi chenye kisahani cha kauri kama sarafu. Ni bariamu titanati tena, safari hii imetiwa kiambato cha chaji ya ziada kama lantani ili ipitishe umeme. Kiasi ni chembe chache katika kila 1,000. Ukizidisha inarudi kuwa kihami. Friji ikiwaka, mkondo hupita kwenye kisahani kwenda kuisukuma kompresa ianze. Kisahani kinachemka, na kikivuka joto la Curie ukinzani wake unaruka mara maelfu na kuukata mkondo huo. Stima ikipotea na kurudi papo hapo, kisahani bado ni cha moto na kompresa inaunguruma bila kuanza. Ndiyo sababu ya kusubiri dakika chache kabla ya kuwasha tena.

Kuna kasoro hapa ambayo wapenzi wa bariamu titanati hawaisemi sana. Ukitaka mruko huo utokee kwenye joto la chini, unatia stronti. Ukitaka utokee juu zaidi ya nyuzi 120, kama kwenye vifaa vidogo vya kupashia joto, njia iliyozoeleka ni kutia risasi.

Wanaotetea risasi

Hoja ya watetezi wa PZT si ya kung'ang'ania mazoea. Uwezo wa kauri kutoa chaji hupimwa kwa pikokulombi kwa kila nyutoni. PZT laini ya kawaida hufikia karibu 590, na PZT ngumu karibu 290 ikiwa na joto la Curie linalozidi nyuzi 300. Kiwanda kinajua jinsi ya kuichoma, mhandisi anajua itakavyozeeka, na daktari anajua picha itakayotoka. Sheria ya Ulaya yenyewe ilikubali. Ilipoanza kutekelezwa Julai 1, 2006, iliweka kikomo cha asilimia 0.1 ya risasi katika kila malighafi ya kifaa, lakini ikasamehe risasi iliyo ndani ya kauri za kielektroniki, na msamaha huo umekuwa ukiongezwa muda. Boksi lenye alama ya RoHS linaweza kubeba PZT kihalali kabisa.

Watetezi husema pia kwamba risasi hiyo imefungwa ndani ya fuwele ngumu na haitoki kwa kuguswa. Ni kweli kifaa kikiwa kizima. Kikipondwa, kikichomwa jalalani au kikitiwa tindikali, hoja hiyo inadhoofika, na vifaa vyetu vingi huishia hivyo.

Wanaotaka iondoke

Upande wa pili una makundi matatu ya kauri, na kila moja lina donda lake.

La kwanza ni la potasiamu, sodiamu na niobiamu, linaloitwa KNN. Joto lake la Curie ni karibu nyuzi 420, lakini ikichomwa kwa njia ya kawaida hutoa pikokulombi 80 hivi tu. Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya Toyota na kampuni ya Denso walitia lithi, tantali na antimoni, wakazipanga chembe zielekee upande mmoja, wakafika 416. Tangazo hilo ndilo lililofufua uwanja mzima. Donda lake ni kwamba mchanganyiko unaofikia namba kubwa huwa karibu na badiliko la fuwele linalofuata joto: vipimo vya asubuhi na vya saa nane mchana havilingani. Pia huchomwa karibu sana na joto la kuyeyuka, na malighafi zake hufyonza unyevu. Anayeota kuzitengeneza ukanda huu wa Ziwa Victoria, wenye mvua na unyevu mwingi, ajue atalipia kwanza vyumba vikavu.

La pili ni la bismuthi, sodiamu na titani. Linastahimili volteji kubwa na linafaa mitetemo ya nguvu, lakini kulielekeza kunataka zaidi ya volti 7,000 kwa kila milimita. Nalo hupoteza mwelekeo wake mapema: chini ya nyuzi 200, na katika michanganyiko mingine karibu na 100.

La tatu lilitangazwa 2009: bariamu titanati iliyotiwa kalisi na zirkoni. Pikokulombi 620, juu ya PZT laini. Kwa haraka ungedhani mashindano yamekwisha. Joto lake la Curie ni nyuzi 93.

Namba hiyo ya mwisho ina maana kubwa kwenye meza ya fundi wa Busia. Ncha ya lehemu huwa karibu nyuzi 350. Ikikaa sekunde chache zaidi kwenye kisahani cha twita, hata PZT laini yenye joto la Curie la nyuzi 190 na kitu inaweza kufutika, na kauri ya nyuzi 93 haina nafasi kabisa. Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwa nyuzi 183. Ile isiyo na risasi huhitaji karibu 217. Yaani kuondoa risasi kwenye lehemu kumeongeza joto wakati uleule tunapotaka kauri ambazo nyingi hazistahimili joto sana. Mageuzi mawili mema yanavutana kwenye kiungo kimoja cha waya.

Gharama isiyo kwenye lebo

KNN inahitaji niobiamu, na takriban asilimia 90 ya niobiamu ya dunia hutoka Brazili. Uchambuzi wa watafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 ulifuatilia kauri hizi kutoka mgodini hadi kiwandani, ukakuta kwamba madhara ya KNN kwa mazingira yanaweza kuizidi PZT, hasa kwa sababu ya uchimbaji na usafishaji wa niobiamu. Bismuthi nayo kwa sehemu kubwa hupatikana kama zao la pembeni la kusafisha risasi au tangsteni. Anayeikimbia risasi kwa kununua bismuthi bado anamtegemea anayeyeyusha risasi.

Kwa wakazi wa Malaba suala hili si la mbali. Ng'ambo, jirani na mji wa Tororo, kuna vilima vya Sukulu, mabaki ya volkano ya kale yenye fosfeti, chuma na niobiamu. Magharibi zaidi, Makuutu, kuna udongo wenye madini adimu ya aina inayotiwa kwenye kapasita, na leseni ya uchimbaji ilitolewa Januari 2024. Upande wa pwani, Kwale, kuna Kilima cha Mrima, chenye niobiamu na msitu wa kaya. Leseni ya uchimbaji ilifutwa 2013 na mzozo ukafika hadi mahakama ya usuluhishi ya kimataifa. Mahitaji ya kauri zisizo na risasi yakikua, shinikizo la kuchimba maeneo kama haya litakua pia. Wanaotangaza usafi wa bidhaa wanapaswa kuhesabu na kilima.

Risasi inayoumiza watu iko wapi

PZT ina risasi kwa takriban asilimia 60 ya uzito. Hata tukikadiria gramu nzima ya kauri kwa kila twita, betri moja ya gari dogo, yenye kilo 8 hadi 10 za risasi, inalingana na twita zaidi ya 12,000. Betri za malori yanayopanga foleni Malaba ni kubwa zaidi. Kenya inajua gharama yake: Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu, mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, na Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024 baada ya kutenguliwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia kwanza.

Kwa hiyo siwezi kuunga mkono kampeni inayotumia nguvu zake kwenye twita huku betri zikivunjwa uani. Lakini siwezi pia kukubali kwamba udogo wa kiasi unafunga mjadala. Betri ina bei, na mnunuzi wa skrepu anaifuata mpaka mlangoni. Kauri ya twita haina mnunuzi. Inapondwa na kutawanyika na taka nyingine, na hakuna anayejua ilipo.

Uzito wa kila upande

Kwa kapasita na visahani vya friji, hakuna uamuzi uliobaki. Mnunuzi wa jumla anayejali aulize daraja la kapasita, X7R au Y5V, maana hapo ndipo ubora unapotofautiana.

Kwa viwashio, kengele na twita, naona wakati umefika wa kudai kauri zisizo na risasi. Kazi ni nyepesi, kiwango cha 100 hadi 300 cha pikokulombi kinatosha kwa nyingi, na hivi ndivyo vifaa vinavyokufa haraka na kutupwa ovyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtaka mzalishaji au mwagizaji awajibike kwa bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Kinachokosekana ni karatasi ya vipimo inayotaja joto la Curie, na fundi kuambiwa aunganishe waya kwa sekunde moja au mbili, kwenye shaba badala ya kauri inapowezekana.

Kwa kupima uzito wa malori barabarani, kazi nyingine ya vitambuzi vinavyogeuza msukumo kuwa umeme, swali linaweza kukwepwa kabisa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori, na vitambuzi vinavyofukiwa kwenye lami ili kupima lori likitembea hutengenezwa pia kwa fuwele ya kwazi, ambayo si feroelektriki, haina risasi, na haisumbuliwi sana na joto la lami ya mchana. Mizani ya kusimama hutumia vipande vya metali vinavyonyumbuka na haina haja ya kauri ya aina hii.

Inabaki ultrasaundi. Mama mjamzito anayepimwa katika hospitali ya kaunti anahitaji mwangwi unaosomeka, na kwa sasa kauri laini ya PZT au fuwele nyingine zenye risasi ndizo zinazoutoa kwa uhakika. Kichwa cha mashine moja kina kauri ya gramu chache, hutumika miaka mingi, na kina namba ya usajili. Mkataba wa ununuzi ukiwa na kifungu kimoja kinachomlazimisha muuzaji akichukue kikiharibika, risasi yake haitafika jalalani.